Sauti ya Nne ya Koo Tupu

Nilikuwa kwenye cherehani nashona kola za mashati ya shule simu ilipoita. Alikuwa Mwenyekiti. Ndivyo wenzake wote walivyomwita yule binti aliyeongoza kikundi cha kuimba cha mdogo wangu pale chuoni, na mimi nilimwandika hivyo hivyo kwenye simu. Nilipokea nikiwa na pini mdomoni.

"Dada," alisema.

Kabla hajasema la pili nilishajua. Kila alipowahi kunipigia, nyuma yake palikuwa na watu wanaimba, au wanavuma midomo imefungwa, au wanabishana nani kaharibu wimbo. Wale watoto hawakujua kukaa kimya. Siku hiyo nyuma yake nilisikia viatu vya mtu vikipita kwenye sakafu ya hospitali, basi.

"Ameenda, Dada. Sasa hivi. Tulikuwa naye wawili, mimi na mwenzangu, tunamsubiri Mama alete shuka."

Fundi mwenzangu wa cherehani ya jirani, mama mtu mzima, alizima mashine yake, akaanza kunitoa pini mdomoni moja moja kama anayemtoa mtoto mwiba. Mimi simu bado sikioni. Mwenyekiti akalia, na katikati ya kilio akasema jambo lililokuja kutusumbua mpaka siku ya kumzika.

"Alituomba tumwimbie kaburini, sisi wenyewe, bila vyombo. Dada, hatuwezi. Bila yeye hatuwezi kuimba."

Nilimshukuru Mungu kwamba mdogo wangu hakufa peke yake. Sala nyingine sikuwa nayo wakati ule.

Wengi wa kanisani kwetu na wa chuoni wameniomba niandike alikuwa mtu gani. Nimesoma mpaka sekondari tu, lakini nililala naye chumba kimoja miaka yote ya utoto wetu, pazia katikati, na nadhani hiyo inanipa haki.

Mtaani jina lake lilikuwa Jenereta. Sauti yake ilivunjika mapema kuliko ya wenzake wote. Alilala mtoto, akaamka na sauti ya mzee. Mtu akibisha hodi, yeye akiitikia "Karibu" kutoka ndani, mgeni alijiweka sawa, akafunga vifungo vya shati, akidhani yupo baba mwenye nyumba. Baba yetu alikuwa ameshafariki siku nyingi. Mlango ukifunguliwa anatokea mtoto mwembamba kama njiti, kaptula imemzidi kiuno. Wageni walikuwa wanacheka mpaka wanashika ukuta. Watoto wa jirani nao, umeme ukikatika, walipiga kelele dirishani kwetu: "Jenereta, tuwashie!"

Alicheka nao. Lakini nilimwona alivyoanza kujibu kwa kichwa badala ya mdomo. Dukani alinyoosha kidole tu. Kwenye kwaya ya watoto kanisani, mwalimu alijitahidi kumpandisha, akashindwa, kisha akamwambia kwa upole kabisa, "Wewe fungua mdomo tu, mwanangu, usitoe kitu." Akafanya hivyo. Jumapili baada ya Jumapili alisimama mstari wa nyuma, mdomo wazi, hatoi kitu. Mwisho akaacha kwaya, akajiunga na vijana wanaopanga viti.

Alipomaliza shule alikwenda chuo cha ufundi kusomea friji na viyoyozi. Pale ndipo alipokutana na Mwenyekiti, aliyekuwa anasomea uhasibu. Walikutana kwenye foleni ya chai kantini, na kisa hicho nimekisikia kwa wote wawili, kila mmoja na chumvi yake.

Mdogo wangu alimwambia mhudumu, "Naomba sukari." Msichana aliyekuwa mbele yake akageuka kama aliyekanyagwa.

"Wewe! Umesema nini?"

"Nimeomba sukari."

"Iombe tena."

"Kama unaitaka wewe, chukua. Mimi nitakunywa hivi hivi."

"Nani anataka sukari yako? Nataka uiombe tena. Polepole."

Foleni ikaanza kupiga kelele. "Wachumba, sogeeni pembeni, wengine tuna njaa!" Mdogo wangu, kwa aibu, akaomba sukari tena polepole. Yule binti akafumba macho akisikiliza, kisha akamshika mkono wa shati na kumvuta nje, chai yake imebaki mezani. Mpaka leo Mwenyekiti anasema hajawahi kulipwa chai ile.

Kikundi chao kiliitwa Koo Tupu. Jina walipewa na wanafunzi wa bendi ya chuo kwa kuwadhihaki, maana bendi ilikuwa na ngoma, magitaa na spika, wao hawakuwa na kitu. Walilipenda, wakalichukua. Walikuwa na sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne, ile ya chini kabisa ya wanaume, walikuwa naye kijana mmoja aliyehitimu akaondoka, na tangu hapo walikuwa wanahangaika.

Siku ya kwanza kuwasikia nilikuwa nimempelekea blanketi. Nilimuuliza mlinzi wa geti nitawapata wapi watu wa Koo Tupu. "Wewe fuata kelele," akaniambia. "Ukiona nywele zinasimama umefika."

Bendi ilikuwa imewafukuza ukumbini, kwa hiyo walifanyia mazoezi kwenye ngazi za bweni, jengo la ghorofa lenye ngazi za zege zinazozunguka na reli za chuma. Walijipanga kwa sauti. Wasichana wa kwanza juu kabisa karibu na paa, wa pili chini yao, vijana wa tatu chini zaidi, na mdogo wangu peke yake huku chini kwenye sakafu, karibu na mlango wa stoo ya mafagio. Hawakuonana. Walisikilizana tu. Niliingia na mlango wa nyuma, akawa amenipa mgongo, nikasimama na blanketi langu, mkono mmoja nimeuweka kwenye reli.

Sauti yake niliihisi kwenye ile reli kwanza, ndipo nikaisikia. Chuma kilikuwa kinatetemeka kiganjani mwangu. Kisha sauti ya tatu ikakaa juu ya yake, ya pili ikakaa juu ya ya tatu, na kule juu wasichana wakafungua, na jengo zima likawa kama limevuta pumzi.

Nimelelewa kanisani tangu tumboni mwa mama yangu. Nimesikia vinanda, tarumbeta, na spika za ukubwa wa kabati. Sijawahi kuogopa wimbo. Siku ile niliogopa, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kuvua viatu. Niliwaza: huyu ni yule yule anayelala nyuma ya pazia langu, anayekanyaga viatu visigino mpaka vinakuwa ndala, na Mungu alikuwa amemwekea kitu hiki kooni muda wote, na sisi tulikuwa tunamwita Jenereta.

Wimbo ulipoisha aligeuka, akaniona. "Dada! Umekuja lini? Mbona unalia?"

"Blanketi lina vumbi," nikamwambia.

Baadaye tulikaa kwenye ngazi tukagawana mkate, nikamuuliza kwa nini wasitafute kinanda hata cha kuazima. Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu.

"Ukiwa na kinanda unakisikiliza chenyewe," alisema. "Tukikitoa, inabidi kila mtu amsikilize mwenzake. Ukikosea, wote wanajua. Hakuna pa kujificha, Dada. Mimi nimejificha sana."

Miaka yake ya chuo ilipita hivyo. Mchana alikuwa karakana, kichwa ndani ya friji la mtu, anavuma pamoja na mota mpaka mwalimu wake anamwambia achague moja, atengeneze au aimbe. Jioni ngazini. Waliimba kwenye mahafali, harusi na makanisa mbalimbali. Kanisani kwetu walikuja mara moja. Watu walisimama kuimba nao, wakashindwa, kwa sababu Koo Tupu walipandisha nyimbo juu mno, mahali ambapo sisi watu wa kawaida hatufiki. Tukakaa kimya, tukasikiliza. Mama alikaa benchi la mbele, mikono mapajani, hakupepesa macho. Tulipotoka nje alimshika mwanawe shavu, akasema, "Kumbe," basi. Neno hilo moja lilimtosha mdogo wangu mwaka mzima.

Mwenyekiti ndiye aliyegundua kwamba mdogo wangu anaumwa. Aligundua kwa pumzi. Mistari mirefu, ambayo zamani aliimaliza kwa pumzi moja, alianza kuikata katikati. Akaanza kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa badala ya kusimama. Wakamtania kwamba anazeeka. Kisha miguu ikavimba, wakaacha kumtania, wakamleta hospitali wao wenyewe.

Daktari alituchorea moyo kwenye kipande cha karatasi. Alisema misuli yake imechoka, umetanuka, hausukumi damu inavyotakiwa. Mama aliuliza kama kuimba ndiko kulikomuumiza. Daktari akasema hapana, ungechoka tu hata angekuwa bubu. Nilimshukuru daktari yule kwa jibu lile, maana niliona Mama akishusha mabega.

Kikundi kilipokuja kumwona, muuguzi aliwazuia mlangoni. Wawili wawili tu, na kelele hakuna. Wakashuka wote, wakasimama kwenye maegesho ya magari chini ya dirisha lake, wakaanza wimbo wa jioni ambao kila mtu kanisani anaujua, ule wa kumkabidhi Mungu siku inapoisha. Mimi nilikuwa kando ya kitanda cha mdogo wangu. Alifumba macho, akaanza kuimba sauti ya nne. Ilikuwa nyembamba, haikufika hata kwenye mlango wa wodi. Mzee wa kitanda cha pili akaniuliza, "Hiyo redio ni ya nani? Ongeza kidogo." Wauguzi walisimama kwenye korido, na yule aliyewazuia alikuwa mmoja wao.

Niliposhuka, Mwenyekiti alinikimbilia. "Alikuwa anaimba, sivyo?"

"Mmemsikia?"

"Hatujamsikia. Lakini hatukushuka."

Sikuelewa, akanieleza. Kikundi kisicho na kinanda huteleza. Kila mstari sauti zinashuka kidogo, unene wa nywele, wenyewe hamjui, mpaka mnajikuta mlianza juu mmemalizia shimoni. Anayewazuia ni yule wa chini. Akikaa pale pale, wote wanakaa. Tangu alazwe, walikuwa wameteleza kila wimbo waliojaribu. Jioni ile, kwenye maegesho, hawakuteleza. Alinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayesimulia muujiza, na mimi sina sababu ya kuuita jina lingine.

Usiku huo nilirudi nyumbani. Kesho yake asubuhi, akiwa na nafuu kidogo, mdogo wangu alituambia mimi na Mama, "Nikienda, msiniwekee spika. Waimbe wale wale, wimbo ule ule."

"Kunywa dawa yako," Mama alisema.

"Nakunywa, Mama. Lakini umesikia?"

"Nimesikia. Kunywa."

Hakuchelewa kwenda.

Msiba ulipokuwa nyumbani kwetu, mipango yote aliishika Baba Mdogo, mdogo wa marehemu baba yetu. Ni mtu mwema, mchapakazi, na hawezi kukaa mahali pasipo na kelele. Tulikuwa sebuleni, meza imetolewa, viti vimepangwa kuzunguka ukuta, aliposema ameshaongea na mtu wa spika.

"Anakuja na kinanda, mikrofoni mbili, na waya wa kufika mpaka kaburini. Mambo yatakuwa safi."

"Baba Mdogo," nikasema, "mwenyewe alikataa spika. Aliomba wenzake waimbe."

"Mwanangu, marehemu hana zamu ya kupanga. Watu wote hao waje, tuwaimbie kwa midomo mitupu kama tumeishiwa?"

"Ndivyo alivyotaka."

"Na wakishindwa je? Hao ni watoto. Wakianza kulia katikati ya wimbo, tufanyeje? Tupige makofi?"

Wakati huo Mwenyekiti alikuwa amefika na wenzake, wamesimama mlangoni na sare zao za kikundi mikononi, wamesikia yote. Baba Mdogo akawageukia. "Semeni wenyewe. Mnaweza au hamwezi?"

Nilimwangalia yule binti. Nilitaka adanganye. Hakudanganya.

"Hatuwezi, Baba. Tumejaribu ngazini tangu juzi. Tunaanza vizuri, tunateleza, tunasimama. Tumemtafuta mtu wa nne kwenye makanisa, wamekuja wawili, wanaimba vizuri tu, lakini sisi hatujui kuwasikiliza. Masikio yetu yanamtafuta yeye." Akapiga magoti mbele ya Mama. "Mama, tusamehe. Tumekuja kukuambia mapema usije ukaaibika mbele za watu."

"Si nilisema?" Baba Mdogo alisema, lakini bila furaha.

Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani. Tangu aliporudi kutoka hospitali na shuka ambazo hazikutandikwa, alikuwa hajasema maneno mengi.

"Mwanangu huyu hajawahi kuniomba kitu," alisema. "Hata viatu hakuomba, nilikuwa naviona tu vimetoboka. Ameomba hiki." Akamwinua Mwenyekiti kwa kiwiko. "Mnashindwa kule ngazini, sivyo? Basi njooni mshindwe pale alipo yeye."

"Shemeji," Baba Mdogo akaanza.

"Shemeji," Mama akamkatiza, "mtu wa spika aje. Akae na spika zake pembeni. Lakini waanze hawa."

Niliingia chumbani kwetu, nikapiga magoti upande wa pili wa pazia, nikamwomba Mungu awashike. Sikuomba waimbe vizuri. Niliomba wafike mwisho.

Siku ya maziko jua lilikuwa kali, udongo mwekundu umerundikwa pande mbili. Mchungaji alihubiri kwa ufupi. Mtu wa spika alikuwa chini ya mwavuli wake, kidole kwenye swichi, macho kwa Baba Mdogo. Koo Tupu walijipanga kwenye kichwa cha kaburi kama walivyokuwa ngazini, kwanza, pili, tatu, kisha pengo ambalo hawakuliziba.

Mwenyekiti aliwapa noti kwa kuvuma. Wakaanza.

Ubeti wa kwanza ulikuwa juu na safi, na watu wakanyamaza, hata waliokuwa wanaongea nyuma kwenye magari. Ubeti wa pili ulipoanza, nami nikausikia mteremko, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kuusikia. Walikuwa wanashuka. Sauti ya tatu walitazamana. Mwenyekiti huwa ananyanyua kidole kuwapandisha, na nilikiona kidole kinaanza kunyanyuka. Baba Mdogo naye akageuza shingo kumtazama mtu wa spika.

Vijana wa makaburini walianza kulegeza kamba. Jeneza likaanza kushuka.

Mwenyekiti alilitazama, akateremsha mkono wake. Hakuwapandisha. Akawaacha waende.

Wakashuka mstari kwa mstari, hawakusimama. Na walipofika katikati ya ubeti wa tatu, mama mmoja wa kanisani kwetu, nyuma yangu, akaingia. Wimbo ulikuwa umeshuka mpaka mahali ambapo koo lake linafika. Kisha mwingine. Kisha yule fundi mwenzangu wa cherehani. Nikafungua mdomo nikakuta na mimi naweza. Watu ambao hawakuwahi kuweza kuimba na Koo Tupu walikuwa wanaimba nao, wote, mpaka nje ya uzio, mpaka madereva. Wasichana wa sauti ya kwanza walikuwa chini sana sasa, sauti zimekuwa pumzi tu, na wimbo ukabebwa na wazee. Nilimsikia Baba Mdogo. Alikuwa ameshamsahau mtu wa spika, amevua kofia, anaimba chini kabisa huku machozi yanamwingia mdomoni. Mama hakuimba. Alisimama wima, midomo imefunguka kidogo, anasikiliza, na uso wake ulikuwa kama siku ile kanisani.

Sijui niyaeleze vipi zaidi ya hapo. Niliona jinsi Mungu alivyo mkubwa na jinsi alivyo karibu, vyote kwa pamoja, na sikuwa nimewahi kuviona pamoja.

Wimbo uliisha jeneza likiwa limetulia chini. Hapakuwa na mtu aliyepiga makofi. Kisha mchungaji akaomba sala ya mwisho, akatupa udongo. Mama akatupa wake, mimi nikatupa wangu, Baba Mdogo akatupa. Wanakikundi wakapita mmoja mmoja. Vijana wakachukua majembe, wanaume wengine wakawapokea walipochoka, wakajaza mpaka juu, wakasawazisha. Tuliweka mashada, na msalaba wa mbao wenye jina lake kamili, lile ambalo mtaani wengi walikuwa wanalisoma kwa mara ya kwanza. Mtu wa spika alikunja waya zake. Mama akamshika Mwenyekiti mkono, tukatembea mpaka kwenye gari, tukarudi nyumbani.